Indiketa ya Upande wa Ziwa

Emilienne aliogopa maji tangu utoto, na riziki yake ikawa juu ya maji hayohayo. Alizaliwa Kilwa, upande wa Kongo, na kwa miaka mingi alivuka Ziwa Mweru akienda na vitenge na sabuni, akirudi na magunia ya chisense, wale samaki wadogo wanaokaushwa juani. Ndani ya boti alikaa katikati kabisa, kitambaa kimefunika uso, akisali kwa sauti mpaka wenzake wanachoka naye.

"Emilienne, Mungu haiko kiziwi," walimwambia.

Yeye aliendelea tu.

Siku alipopata pikapu, akaapa kwamba hatapanda boti tena. Ilikuwa Toyota kuukuu ya mmisionari mmoja aliyekuwa anarudi kwao, nyeupe iliyochakaa ikawa rangi ya uji, mlango mmoja wa kijani kwa sababu ule wa kwanza uliliwa na kutu. Alijifunza kuendesha kwenye uwanja wa mpira, watoto wakimkimbilia nyuma na kumcheka, na kabla mvua za mwaka ule hazijaisha alikuwa anajulikana Kashikishi nzima, upande wa Zambia, kwa jina la Mama Pikapu. Asubuhi aliondoka kuelekea kaskazini, akafuata kando ya ziwa mpaka Mununga, akanunua samaki wabichi kwa wavuvi, na mchana akawarudisha sokoni Kashikishi. Mwanamke mnene, mpole, mwenye sauti ya kwaya, aliyeendesha gari taratibu kama anasukuma kitanda cha mgonjwa.

Shida ilianza na friza. Barafu ilikuwa inamsumbua, inayeyuka kabla ya safari kuisha, kwa hiyo akafunga friza ndogo nyuma ya gari, inayokula umeme wa gari lenyewe. Kwa wiki moja alijiona tajiri. Halafu taa za mbele zikaanza kufifia, honi ikawa inakoroma, na siku moja friza ilizimika njiani. Samaki walifika sokoni wakiwa na macho meupe.

Fundi wake aliitwa Kaoma, Mbemba kwa kabila, mwenyeji wa Nchelenge, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Kiswahili alijifunza kwa wateja wake Wakongomani. Alifungua boneti, akagusa hiki na kile, akajifuta mikono.

"Betri haina kosa, bamayo," alisema, akimwita mama kwa Kibemba. "Alteneta, hii ya kuzalisha umeme, njo ndogo. Ilitengenezwa kwa taa na redio tu. Sasa unaipa kulisha friza. Ni kama kupa mutoto kazi ya kubeba gunia."

"Alors, tunafanya nini?"

"Tafuta ingine, ya gari kubwa. Mi nitaiingiza."

Nyuma ya soko la Kashikishi kuna Dédé, mfanyabiashara wa Pweto, ng'ambo ya ziwa, anayeuza vipuri vilivyotumika. Vimepangwa juu ya turubai kama mihogo: mapampu, mastata, vioo vya taa. Emilienne alipoeleza anachotaka, Dédé aliingia ndani ya kibanda chake, akakaa kidogo, akatoka na alteneta nzito iliyofungwa ndani ya gunia.

"Hii iko na nguvu, mama. Utalisha friza mbili."

"Inatoka kwa gari gani?"

"Ya mutu tu," alisema Dédé, na akaanza kumhudumia mteja mwingine.

Kaoma alifanya kazi hiyo kuanzia asubuhi mpaka jua likawa kali. Masikio ya alteneta mpya hayakukutana na matundu ya injini, ikabidi akate kipande cha bomba kuziba pengo. Mkanda wa zamani ulikuwa mfupi, akatafuta mrefu zaidi. Waya uliotoka kwenye alteneta kwenda kwenye betri akautupa, akaweka mnene kama kidole, maana ule mwembamba ungeungua kwa nguvu mpya. Alipokuwa anasafisha, akamwita Emilienne aje aone. Nyuma ya alteneta mtu alikuwa amefunga kifuniko cha kuzuia vumbi, nacho kilikatwa kwenye mfuniko wa sufuria. Ua jekundu lililochorwa kwenye mfuniko huo lilikuwa bado linaonekana nusu.

"Huyu mwenye gari alikuwa fundi," Kaoma alisema, akacheka. "Fundi mwenye kuiba vyombo vya bibi yake."

Akawasha injini. Mita ikapanda vizuri, honi ikalia kama ya basi. Kitu kimoja tu: alteneta ilipiga mluzi. Hewa ilipopita kwenye kile kifuniko ilitoa sauti nyembamba, yenye kupanda na kushuka kadiri mguu unavyokanyaga mafuta. Kaoma alitaka kukitoa. Emilienne akamwambia akiache, vumbi la barabara ile ni baya.

Kesho yake aliondoka kwenda Mununga. Kulikuwa na moshi wa mashamba yanayochomwa, jua limekuwa duara jekundu linaloweza kutazamwa, na haikuonekana ziwa linaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Mluzi ulimsindikiza. Alikuwa amekwisha kuuzoea na kuanza kuimba nao alipofika mahali ambapo barabara inainama karibu kabisa na ziwa, na mafunjo yamesimama marefu kuliko gari. Hapo taa nyekundu ya betri iliwaka kwenye dashibodi. Injini ikawa nzito kana kwamba inapanda mlima, ingawa njia ni tambarare. Na indiketa ya kushoto ikaanza kupiga.

Tik. Tik. Tik.

Emilienne alitazama mkono wake. Ulikuwa juu ya usukani. Kijiti cha indiketa kilikuwa katikati, hakijaguswa. Alishusha vioo asikie kama kuna gari nyuma, hakusikia gari wala ndege. Mafunjo yalikuwa yamesimama bila kutikisika. Alipovuka ile kona, taa nyekundu ikazimika, indiketa ikanyamaza, na gari likawa jepesi tena.

Alijisemea kwamba ni waya. Gari kuukuu lina mambo yake. Lakini mchana, akirudi na samaki, alipofika kwenye kona ileile taa nyekundu iliwaka, injini ikalemewa, na indiketa ikapiga. Safari hii ilikuwa ya kulia.

Alipofika nyumbani hakula. Alikaa kwenye ngazi akifikiria kushoto na kulia, mpaka akaelewa. Kwenda, ziwa liko kushoto. Kurudi, ziwa liko kulia. Mara zote mbili gari lilikuwa linaomba kuingia ndani ya mafunjo.

Kaoma alimsikiliza mpaka mwisho. Akapima waya wote, akakaza kila nati, akatazama mkanda.

"Alteneta haiongozi indiketa, bamayo. Ni njia mbili mbalimbali."

"Basi kesho utapanda na mimi."

Akapanda. Alileta kipimio chake cha umeme na bisibisi, akakaa upande wa abiria na vyombo juu ya mapaja. Njiani alikuwa anaeleza habari za waya zinazogusana, jinsi mtikisiko wa barabara unavyoweza kuwasha kitu kisichotakiwa. Walipokaribia mafunjo aliendelea kueleza. Taa nyekundu ikawaka. Indiketa ya kushoto ikaanza.

"Simama," alisema Kaoma.

Emilienne akasimama katikati ya barabara. Kaoma akainama chini ya dashibodi, akatafuta sanduku la fyuzi, akachomoa ile ya indiketa na kuiweka kwenye kiganja chake. Wote wawili wakaitazama. Tik, indiketa ilisema. Tik. Tik. Kaoma akanyoosha mkono akazima injini. Mluzi ukafa, kimya kikaingia ndani ya gari kama maji, na katika kimya hicho indiketa ikaendelea kupiga, bila haraka, kama mtu mwenye subira.

Kaoma alirudisha fyuzi mahali pake.

"Tuende," alisema. Na mpaka Mununga hakueleza tena habari ya waya.

Kule Mununga walisimama mahali ambapo Emilienne husimama siku zote, chini kidogo ya maduka, wavuvi wanapoteremsha samaki. Alikuwa hajazima injini. Mwanamke mmoja alikuja anakimbia kutoka kwenye nyumba za juu, kitenge kimemlegea, mkono mmoja una unga. Hakumtazama Emilienne. Alikwenda moja kwa moja upande wa Kaoma, akafungua mlango kwa nguvu, akatazama ndani, akatazama nyuma ya kiti, halafu akarudi hatua mbili. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha, na mbele ya macho yao furaha ile ilianza kuondoka.

"Eko wapi?" aliuliza.

"Nani, dada?" Emilienne alisema.

"Mwelwa. Bwana yangu. Nilisikia gari yake." Akaitazama pikapu kwa mara ya kwanza, ule mlango wa kijani. "Hii haiko gari yake. Lakini minasikia gari yake. Hata sasa minaisikia."

Mluzi ulikuwa bado unalia chini ya boneti. Emilienne akazima injini, na yule mwanamke akashtuka kama amepigwa kofi.

Aliitwa Nkandu. Mumewe alikuwa na pikapu ya kubeba mihogo na watu, na mvua za miaka miwili zilikuwa zimepita tangu aondoke nyumbani kwenda Nchelenge asirudi. Gari halikuonekana wala yeye hakuonekana. Polisi waliandika, watu walitafuta, kisha maneno yakaanza: Mwelwa ameuza gari, amevuka ziwa, ana mwanamke mwingine Pweto. Kuna aliyeapa kwamba alimwona huko amevaa viatu vipya. Ndugu za Mwelwa wakamlaumu Nkandu kwa kumkimbiza mtoto wao kwa ulimi wake. Nkandu alikuwa anakaa peke yake, na kila gari lililopita alilisikiliza.

"Alteneta yake ilikuwa inapiga mluzi," alisema. "Ye mwenyewe aliiharibu. Alichukua mufuniko wa sufuria yangu, akakata. Tuligombana sana juu ya ule mufuniko."

Kaoma akafunga macho kidogo. Halafu akashuka, akafungua boneti, akasogea pembeni.

Nkandu aliinama. Aliliona lile ua jekundu, nusu yake. Akaweka kidole chenye unga juu yake, akakiacha hapo ingawa injini ilikuwa ya moto. Baadaye aliwapeleka nyumbani kwake, na kwenye rafu palikuwa na sufuria yenye maua mekundu pembeni, imefunikwa kwa sahani.

Walirudi Kashikishi wote watatu. Kwenye kona ya mafunjo indiketa ya kulia ilipiga, na Nkandu, ambaye hakuwa ameambiwa lolote kuhusu jambo hilo, aligeuza kichwa akatazama upande wa ziwa mpaka kona ikaisha. Emilienne alimwona.

Dédé alipowaona wanakuja, wanawake wawili na fundi, alianza kupanga vipuri vilivyokuwa vimepangwa tayari.

"Dédé," Emilienne alisema, "huyu mama ni bibi ya mwenye alteneta. Sema ilitoka wapi."

"Mi nilinunua tu, mama. Mi haiko mwizi."

"Hakuna mutu anasema wewe ni mwizi. Sema wapi."

Dédé akamtazama Nkandu, akaondoa kofia kichwani. Wavuvi wawili ndio walioileta, alisema, watu wa ng'ambo, wamekwisha kurudi kwao. Maji yaliposhuka, mtumbwi wao uligonga kitu ndani ya mafunjo. Ilikuwa gari, pua tu imetoka juu, mengine yote yamo ndani ya tope na majani. Wakafungua boneti, wakatoa kile ambacho mkono unaweza kufikia. Alteneta hukaa juu.

"Na ndani ya gari?" aliuliza Kaoma.

"Walisema hawakutazama." Dédé alikuwa anaikunja ile kofia. "Walisema kulikuwa kitu pale, haikuwataka. Waliondoka mbio. Hata bei hawakubishana."

Hakuna aliyeuliza mafunjo ya wapi.

Walikwenda kesho yake na polisi wawili, mkuu wa kijiji cha karibu, na vijana wenye mapanga ya kukatia majani. Moshi ulikuwa umetanda vilevile. Polisi mkubwa aliuliza wataanzia wapi, maana mafunjo yale ni marefu, mtu anaweza kukata siku nzima asione kitu. Emilienne alirudi ndani ya pikapu yake, akawasha injini, akaisogeza polepole kando ya mafunjo, taratibu zaidi ya mtu anayetembea. Wenzake walimfuata kwa miguu bila kuelewa. Indiketa ikaanza kupiga. Akaendelea. Ilipofika mahali fulani injini ilizimika yenyewe, na alipogeuza ufunguo haikutoa hata mkoromo.

"Hapa," alisema.

Vijana wakakata. Ndani ya mafunjo kulikuwa na giza la kijani, na maji meusi yasiyosogea. Emilienne alisimama ukingoni, moyo unampiga kama zamani ndani ya boti. Alimwona Nkandu akivua viatu. Alimwona akiingia, maji kwenye magoti, kwenye mapaja, akishika majani kwa mikono miwili, na hakuna aliyemzuia kwa sababu hakuna aliyethubutu kumgusa. Basi Emilienne akavua viatu vyake pia. Maji yalikuwa baridi kuliko ilivyopaswa kwa msimu ule. Tope lilishika miguu yake na kuivuta kwa upole. Alisali, lakini kwa mara ya kwanza maishani alisali bila sauti, maana pale mahali hapakutaka sauti. Akamfikia Nkandu, akamshika mkono.

Pua ya gari ilikuwa imeinuka kati ya majani kama mnyama anayekunywa. Na ilielekea barabarani. Kila mtu aliliona hilo, na mpaka leo wanabishana: gari liliacha njia likiteremka kuelekea ziwani, limewezaje kugeuka? Mkuu wa kijiji alisema maji ya mvua yaligeuza. Huenda.

Vijana walifunga kamba, wakavuta pamoja na lori la polisi. Gari lilitoka likitiririsha tope kwenye madirisha. Mwelwa alikuwa ndani, kwenye kiti chake, na mkanda umefungwa. Sitaeleza zaidi. Nkandu alimtambua kwa mkanda wa suruali na kwa viatu. Vilikuwa viatu vya zamani, vilevile alivyoondoka navyo nyumbani. Alivitazama viatu hivyo kwa muda mrefu. Halafu akageuka, akawaambia wote waliokuwa wamesimama barabarani, polisi na vijana na wanawake waliokuja kutazama, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mwaona? Hakuenda ku Pweto."

Ndipo akaanza kulia.

Polisi walimchukua Mwelwa kumpeleka hospitali Nchelenge, ili karatasi zikamilike kabla ya maziko. Wazazi wake walikuwa Mwansabombwe, na mtu lazima awapelekee habari. Nkandu alisema hataki waisikie kwa simu, wala kwa mdomo wa mtu mwingine. Pikapu ya Emilienne iliwaka ufunguo ulipogeuzwa mara moja tu, kana kwamba haijawahi kukataa.

Kaoma alibaki Kashikishi. Kabla hawajaondoka alimwuliza Emilienne kama anataka alteneta itolewe, anaweza kumtafutia nyingine.

"Muulize mwenyewe," alisema Emilienne, akimwonyesha Nkandu.

Nkandu alifikiri. "Acha ifanye kazi," alisema. "Mwelwa hakupenda kitu kikae bure."

Wakashika njia ya kusini, mbali na ile kona. Moshi ulikuwa umepungua, mihogo ilikuwa imeanikwa pembeni mwa barabara, watoto wa shule wanapunga mikono. Nkandu aliegemeza kichwa kwenye mlango wa kijani, akalala. Alilala kwa uzito wa mtu ambaye hajalala mvua mbili, mdomo wazi, mikono imeanguka. Emilienne alipunguza mwendo asimwamshe.

Walikuwa karibu kufika alipogundua kwamba ubavu wa kulia unamuuma. Alikuwa amejibana kwenye mlango wake tangu walipotoka mjini, bega limegusa kioo, kiwiko kimekunjwa, kama anavyokaa dereva aliyepakia watu wawili mbele. Na Nkandu naye, usingizini, alikuwa amejisogeza kwenye mlango wa upande wake, magoti pamoja. Kati yao kiti kilikuwa kitupu. Emilienne alikitazama mara moja tu. Kisha akarudisha macho barabarani, na hakusogea. Aliendelea kujibana hivyohivyo, maumivu na yote, mpaka wakaingia uani kwa wazazi wa Mwelwa.

Mzee mmoja alitoka nyumbani, na mama mmoja nyuma yake akijifuta mikono. Nkandu aliamka, akavaa viatu, akashuka. Emilienne pia akashuka, na akauacha mlango wake wazi kwa muda, akiushika kwa mkono, kama unavyomshikia abiria asiye na haraka. Alipoona imetosha, akaufunga taratibu, akawafuata wenzake.